Mwanafunzi wa masafa na mtihani: Msaada unaohitajika kabla ya siku kufika

MWANAFUNZI anayesomea bewani akikwama katika hesabu au nadharia fulani, humgeukia mwenzake aliyeketi kando yake au hubisha mlango wa mhadhiri. Mwanafunzi wa elimu ya masafa hana jirani wa aina hiyo. Akiwa Runyenjes, katika Kaunti ya Embu, husoma moduli zake usiku baada ya kazi, na huenda akafika siku ya mtihani bila mtu yeyote kuwahi kumwambia iwapo alichokielewa ndicho kilichokusudiwa.

Wengi hudhani kwamba kinachomkwamisha mwanafunzi huyu ni uhaba wa vitabu au upungufu wa bidii. Aghalabu si hivyo. Mtu aliyekubali kujisomesha akiwa na kazi, familia na shamba hakosi bidii. Anachokosa ni mambo mawili: muda usioingiliwa, na mtu wa kumpima kabla mtahini hajampima. Msaada wowote anaopewa unapaswa kumrejeshea angalau moja kati ya hayo.

Gharama ya kushindwa si ndogo. Anayeanguka katika somo moja hulazimika kulirudia, mara nyingi kwa kulipia ada nyingine, na huenda akangoja miezi mingi hadi somo hilo litahiniwe tena. Karo yenyewe huenda ilitokana na mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au malipo ya majanichai na kahawa. Ndiyo maana kuanguka kwa mwanafunzi mmoja huathiri nyumba nzima.

Mpango ulioanza na walimu

Elimu ya masafa si jambo geni nchini Kenya. Mnamo 1967, Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta huko Kikuyu. Lengo kuu lilikuwa kuwainua walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na elimu ya kutosha, bila kuwaondoa madarasani. Masomo yaliyochapishwa yaliandamana na vipindi vya redio, na kazi za wanafunzi zilisahihishwa na kurudishwa kwao. Mnamo 1986, chuo hicho kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa njia ya masafa.

Katika nchi jirani, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kikatapakaza vituo vyake mikoani. Kenya nayo ilipata chuo kikuu huria chake cha umma mnamo Agosti 2023, Rais William Ruto alipokikabidhi hati ya kukiidhinisha Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza. Kabla ya hapo, vyuo kadhaa vya umma na vya kibinafsi vilikuwa vimekwisha kufungua mipango ya masafa, na kufungwa kwa taasisi za elimu mnamo Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19 kuliongeza kasi ya masomo ya mtandaoni.

Historia hiyo ina funzo moja. Tangu mwanzo, kumpelekea mwanafunzi maandishi pekee hakukutosha. Kulihitajika sauti ya kumfafanulia na kalamu ya kumsahihisha. Teknolojia imebadilika, lakini mahitaji hayo mawili hayajabadilika.

Kalenda zinazogongana

Mji wa Runyenjes uko kando ya barabara kuu ya kutoka Embu kuelekea Meru, katika miteremko ya Mlima Kenya. Sehemu za juu hulima majanichai na zile za chini yake hulima kahawa. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mnamo 2016, kiko upande mmoja wa barabara hiyo, na Chuo Kikuu cha Chuka, kilichopata yake mnamo 2013, kiko upande wa pili. Hata hivyo, kuwa karibu na vyuo hakumwondolei mwanafunzi wa masafa shida yake. Huenda amesajiliwa katika chuo kilicho mbali zaidi, na hata kama sivyo, kazi yake haimruhusu kuhudhuria mihadhara ya mchana.

Chukua mfano wa mwalimu. Vipindi vya ana kwa ana na mitihani ya walimu wanaosoma huku wakifanya kazi mara nyingi hupangwa wakati wa likizo za shule, yaani Aprili, Agosti na Desemba. Mpango huo una mantiki, kwani ndio wakati mwalimu anapopatikana. Lakini majuma yanayotangulia likizo ndiyo yenye kazi nyingi zaidi shuleni. Mwalimu hutunga mitihani, huisimamia, huisahihisha na kuandika ripoti za wanafunzi wake, kisha siku chache baadaye huketi yeye mwenyewe kutahiniwa. Mwishoni mwa mwaka huongezeka mitihani ya kitaifa ya Oktoba na Novemba, wakati ambapo pia mvua za vuli zinanyesha na kahawa inavunwa.

Mkulima, muuguzi wa zahanati na karani wa afisi ya kaunti nao wana misimu yao ya shughuli nyingi. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ya kumsaidia mwanafunzi wa masafa ni kuziweka kalenda hizi pamoja mapema, mwanzoni mwa muhula: ya chuo, ya kazi na ya shamba. Majuma yatakayogongana yajulikane miezi miwili kabla. Kazi inayoweza kusogezwa isogezwe, na isiyosogezeka itafutiwe mtu wa kusaidia.

Hesabu ya saa

Hesabu ndogo huonyesha kwa nini mapema ni muhimu. Tuseme mwanafunzi ana masomo matano ya kutahiniwa. Anaweza kupata saa moja na nusu kila jioni kwa siku tano za juma, na saa nne siku ya Jumamosi. Jumla ni saa 11 na nusu kwa juma. Akianza kudurusu majuma sita kabla ya mtihani, atakuwa na saa 69, yaani karibu saa 14 kwa kila somo. Akianza majuma mawili kabla, atakuwa na saa 23 tu, ambazo hazifiki hata tano kwa kila somo.

Tofauti hiyo haiwezi kufidiwa kwa kukesha. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huingia ukumbini akiwa na usingizi machoni, na yale aliyoyasoma kwa pupa humponyoka. Haba na haba hujaza kibaba, na katika udurusu msemo huu una ushahidi wa kisayansi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mnamo 1885 kwamba mambo yaliyokaririwa mara moja husahaulika upesi, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali huyahifadhi vyema kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Alama kabla ya mtihani

Katika vyuo vingi nchini, mtihani wa mwisho huchukua alama 70 kwa 100, na zilizobaki 30 hutokana na majaribio na kazi za muhula. Alama ya kupita kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni 40. Mwanafunzi aliyepata alama 18 katika kazi za muhula anahitaji 22 pekee kati ya 70 ili apite. Mwenzake aliyepata 6, kwa sababu aliwasilisha kazi moja na kuisahau nyingine, anahitaji 34. Wote wawili wataketi katika ukumbi mmoja na kujibu maswali yale yale, lakini mzigo wao haulingani.

Kwa sababu hiyo, anayemsaidia mwanafunzi wa masafa asingoje ratiba ya mtihani itolewe ndipo aulize habari za masomo. Swali lenye manufaa zaidi katikati ya muhula ni hili: ni kazi ipi haijawasilishwa, na ni ipi haijarudishwa?

Aidha, mwanafunzi anapaswa kuhifadhi nakala ya kila kazi aliyoiwasilisha pamoja na uthibitisho wa kupokelewa kwake. Tatizo la alama kukosekana limewasumbua wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya kwa miaka mingi, na anayeishi mbali huumia zaidi kwa kuwa kila safari ya kufuatilia humgharimu nauli na siku ya kazi. Mwenye nakala na tarehe mkononi hutatua jambo hilo kwa urahisi kuliko anayetegemea kumbukumbu.

Kujipima badala ya kusoma tena

Njia ya kudurusu inayotumiwa na wengi ni kuifungua moduli ukurasa wa kwanza na kuisoma tena hadi mwisho, huku wakipigia mistari sehemu muhimu. Njia hii humpa msomaji faraja, kwa kuwa maandishi anayoyaona kwa mara ya tatu huonekana rahisi. Lakini kulitambua jambo ukiliona si sawa na kulikumbuka usipoliona.

Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilipima jambo hili katika utafiti waliouchapisha mnamo 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Kundi jingine lilikisoma mara moja kisha likajaribu kuandika lililoyakumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma mara mbili walifanya vyema kidogo. Juma moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, nao waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42.

Kwa mwanafunzi wa masafa, matokeo haya ni habari njema kwa kuwa kujipima hakuhitaji mhadhiri. Baada ya kusoma sura moja, na aifunge na kuandika kwenye karatasi tupu kila anachokikumbuka, kisha aifungue na kulinganisha. Mapengo yatakayojitokeza ndiyo yenye kustahili saa za kesho. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita nazo zitumike kwa namna hiyo: zijibiwe kwa kalamu na kwa muda uliowekwa, si kusomwa tu kama gazeti.

Hata mtu asiyeijua taaluma inayosomwa anaweza kusaidia hapa. Mume, mke au mtoto wa shule ya upili anaweza kushika daftari na kuuliza maswali yaliyoandikwa humo. Isitoshe, mwanafunzi anayeweza kumfafanulia mtu wa nyumbani nadharia fulani kwa maneno mepesi, akaeleweka, ameielewa kweli.

Kikundi chenye utaratibu

Wakazi wa eneo hili wanavijua vyama vya kuchangiana fedha. Chama kinachodumu huwa na siku maalumu ya kukutana, idadi ndogo ya wanachama, mchango unaojulikana na faini kwa mchelewaji. Kikundi cha masomo hakihitaji kanuni tofauti sana na hizo.

Wanafunzi wanne hadi sita wanatosha. Si lazima wawe wa chuo kimoja, mradi masomo yao yanakaribiana. Kila mmoja aje na maswali mawili aliyoyajaribu na jibu moja alilokwama nalo. Mkutano uanze kwa kila mtu kujibu swali peke yake kwa maandishi, kisha majibu yalinganishwe. Kikundi kinachoanza kwa mazungumzo bila kuandika huishia kumsikiliza msemaji mmoja hodari, na wengine huondoka wakidhani wameelewa.

Kundi la simu husaidia kati ya mkutano na mkutano, hasa kwa kukumbushana tarehe na kutumiana picha za maswali. Lakini lisichukue nafasi ya mkutano wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ujumbe mia moja kwa simu hauwezi kufanya kazi ya saa mbili za kukaa pamoja na kusahihishana.

Wajibu wa chuo na mkufunzi

Vyuo vyenyewe vina sehemu kubwa ya wajibu. Kazi iliyosahihishwa na kurudishwa baada ya mtihani haimsaidii tena mwanafunzi. Mkufunzi anayerudisha kazi majuma matatu kabla ya mtihani, akiwa ameandika mistari miwili kuhusu kilichokosekana katika jibu, humfaa mwanafunzi kuliko anayeandika alama pekee. Maneno kama "umetaja sababu lakini hukuzijadili" humwonyesha mwanafunzi pa kurekebisha.

Vilevile, mwanafunzi wa masafa anahitaji kuelezwa waziwazi mambo ambayo yule wa bewani huyasikia vijiani: mtihani una sehemu ngapi, swali lipi ni la lazima, na ni vifaa gani vinavyoruhusiwa ukumbini. Mabadiliko ya ratiba yakibandikwa bewani pekee, anayeishi Runyenjes atayajua amechelewa. Ujumbe mfupi wa simu, unaopokewa hata pasipo na intaneti, ungali njia ya kutegemewa.

Suala la karo pia lisiachwe hadi mwisho. Vyuo vingi havimruhusu mwenye deni kufanya mtihani. Familia na wafadhili wanaokusudia kusaidia wajue tarehe ya mwisho ya malipo. Fedha zinazofika siku moja baada ya mtihani hazimwokoi mtu.

Nyumbani na kazini

Saa za kusoma hazitoki hewani. Lazima mtu fulani azifanye kazi ambazo mwanafunzi angezifanya wakati huo. Jambo hili huwaelemea hasa wanawake, ambao wakirudi kutoka kazini hungojwa na jiko, maji, ng'ombe wa kukamuliwa na watoto wa kusaidiwa kazi za shule. Mume anayemtia moyo mkewe asome, lakini asimpunguzie lolote kati ya hayo, amempa maneno tu. Kupika mara tatu kwa juma kwa muda wa majuma sita ni msaada unaopimika.

Kazini, mwalimu mkuu au msimamizi anaweza kupanga zamu za usimamizi wa mitihani mapema, ili mwenye mtihani wake mwenyewe apewe zamu za mwanzo badala ya za siku za mwisho. Wenzake wanaweza kubadilishana naye vipindi. Naye mwanafunzi awape taarifa mapema, akiwa na ratiba mkononi, badala ya kuomba ruhusa asubuhi ya siku yenyewe.

Mahali pa kusomea pia pana umuhimu. Asiye na chumba tulivu anaweza kutumia darasa baada ya masomo kwa ruhusa ya shule, au siku za mapumziko kusafiri hadi maktaba ya umma mjini Embu. Kwa kuwa umeme na mtandao havitabiriki, vitabu na mihadhara ipakuliwe mapema na kuhifadhiwa katika simu au tarakilishi, na yale ya lazima yachapishwe. Mwenye mtihani wa mtandaoni aujaribu mfumo siku kadhaa kabla, achague mahali palipo na mawimbi mazuri, na awe na simu ya pili yenye bando la mtandao mwingine.

Msaada unaodhuru

Upo msaada ambao humharibia mwanafunzi. Biashara ya kuwaandikia wengine kazi za chuo imeenea, na mwanafunzi aliyelemewa na shughuli huweza kushawishika. Mbali na hatari ya kufukuzwa chuoni, anayeandikiwa kazi hupoteza nafasi yake pekee ya kupimwa kabla ya mtihani. Alama anazozinunua humdanganya yeye mwenyewe kwanza.

Onyo hilo linahusu pia programu za akili unde, ambazo zimeenea tangu mwishoni mwa 2022. Zikitumiwa kutunga maswali ya kujipima, au kufafanua dhana kwa maneno mengine, zinaweza kumfaa anayesoma peke yake. Zikitumiwa kuandika majibu, humfanyia kazi ambayo akili yake ilihitaji kuifanya. Tena hukosea kwa lugha ya kujiamini, hivyo kila zinachosema kilinganishwe na moduli.

Siku yenyewe

Mtihani wa saa mbili katika vyuo vingi huwa na swali la kwanza la lazima lenye alama 30, na mengine mawili ya kuchagua yenye alama 20 kila moja. Dakika kumi zitumike kusoma maswali yote na kuchagua, na kumi za mwisho kupitia majibu. Dakika 100 zilizobaki zikigawanywa kwa uwiano wa alama, swali la lazima hupata takriban dakika 43, na kila moja la mengine takriban dakika 28 na nusu. Anayetumia saa nzima kwa swali analolipenda huwa amejinyima alama mahali pengine. Ni rahisi zaidi kupata alama tano za kwanza za swali jipya kuliko mbili za mwisho za swali lililokwisha kujibiwa.

Anayesafiri kwa matatu kutoka Runyenjes hadi kituo cha mtihani atenge muda wa ziada kwa ajili ya mvua na misongamano. Ikiwa mtihani ni wa asubuhi na kituo kiko mbali, kulala kwa jamaa aliye karibu na kituo ni bora kuliko kuondoka alfajiri. Kadi ya mtihani, kitambulisho, kalamu mbili na kikokotoo viwekwe tayari usiku.

Wakenya wamezoea kufanya harambee ili kijana au jirani aende chuo kikuu, nao hutoa kwa moyo mkunjufu. Kwa mwanafunzi wa masafa, mchango wa pili huhitajika miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna mkutano wala sherehe. Mchango huo ni saa ya jioni anayoachiwa bila kuitwa, zamu anayopokewa kazini, na mtu wa kuketi naye akiwa na daftari mkononi na kumwuliza maswali hadi aweze kuyajibu bila kufungua kitabu.